Nikisema kwa upole hawanisikii, nikikaza naambiwa nafoka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kyela, nimeolewa huku Rungwe. Tunaishi kwa migomba, chai kidogo aliyotuachia marehemu baba mkwe, na sasa parachichi za Hass kama kila mtu huku. Mwaka jana kikundi chetu cha wakulima wa parachichi kilifanya uchaguzi, nikapewa uenyekiti. Tuko wanachama 84, wanawake 31. Sikuuomba. Mwenyekiti aliyemaliza muda wake ndiye aliyenitaja, watu wakanyoosha mikono, nikajikuta mbele.

Shida ilianza na matunda machanga. Bei ikiwa nzuri mwanzoni mwa msimu, mtu anachuma yasiyokomaa, anayachanganya na yaliyokomaa ili kreti lijae. Yakifika kwa mnunuzi yanapimwa na mzigo mzima unakataliwa, wa kwako na wa jirani yako asiye na kosa. Msimu uliopita gari zima lilirudishwa. Niliitisha mkutano nikasema: "Kuanzia leo mzigo wenye matunda machanga hatupokei, uwe wa nani." Sikumtukana mtu wala sikugonga meza. Nilipotoka nje nikamsikia mmoja akisema, "Huyu mama anatufokea utadhani tumezaliwa naye."

Shangazi, mwenyekiti aliyepita alikuwa akigonga meza na kusema "acheni upumbavu" mbele ya watu wazima. Hao hao walikuwa wakitoka wanasema, "Huyu ana msimamo."

Basi mkutano uliofuata nikajirekebisha. Nikaanza, "Samahani wazee wangu, naomba kwa heshima zenu, kama itawezekana, tuliangalie hili suala la matunda machanga, sijui wenzangu mnaonaje." Kimya. Mzee mmoja akasema mwenyekiti mwenyewe anaonekana hana uhakika, tuliahirishe. Ndipo katibu wetu, kijana wa juzi tu, akasimama: "Alichomaanisha mama ni kwamba matunda machanga marufuku." Makofi. Tangu siku hiyo imekuwa desturi. Mimi naongea, yeye anasimama kueleza nilichomaanisha, wanamwelewa yeye.

Nikasema basi niandike. Niliweka kwenye grupu la WhatsApp orodha ya waliorudishiwa matunda, majina na kilo, ili kila mtu aone hali ilivyo. Mzee mmoja akajibu: "Mwenyekiti, punguza sauti." Shangazi, yalikuwa maandishi!

Kuna na jambo lingine ambalo wasio wa huku hawalielewi. Wazee kadhaa kwenye kikundi ni rika la baba mkwe. Kwa mila zetu mimi ni mkamwana wao. Nilipoolewa bibi mkwe alinifundisha majina ya kutotaja, na maneno yanayofanana na majina hayo nikayatafutia mengine. Leo nawakalia mbele nawaambia matunda yao machanga. Nikiongea Kinyakyusa najisikia mkamwana, ulimi unakuwa mzito. Nikiongea Kiswahili najisikia mwenyekiti, lakini wanasema najifanya msomi.

Mume wangu si mbaya. Ila akienda kilabuni wenzake wanamtania, "Leo nyumbani mkutano unaongozwa na nani?" Amenishauri mambo mawili. Kwanza, ripoti ya mkutano mkuu mwezi ujao aisome katibu, mimi nikae tu meza kuu. Pili, anasema wanawake tunaongea sana, ndiyo maana maneno yetu hayana uzito, tungekuwa tunaongea machache kama wanaume tungesikilizwa. Mwalimu mmoja wa hapa naye ameniambia nijifunze kuongea kwa sauti nzito ya chini kama viongozi wa nje.

Naomba unijibu. Je, ni kweli mwanamke ana lugha yake, na lugha hiyo haifai kuongozea watu? Nibadilike vipi kabla ya mkutano? Na kuna dogo la mwisho: binti yangu yuko kidato cha pili, ameteuliwa kwenye mdahalo wa shule lakini amepewa kazi ya kutunza muda, wanaozungumza ni wavulana. Nimwache hivyo hivyo?

Mwenyekiti, Rungwe

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka Iringa.

Huyo mzee aliyesikia sauti kwenye maandishi ndiye aliyefanya barua yako ipite mbele ya nyingine. Ujumbe wa WhatsApp hausikiki. Sauti aliyoisikia alikuja nayo mwenyewe, ilikuwa tayari masikioni kabla hujaandika herufi ya kwanza. Orodha ile ile ingeandikwa na mwenyekiti aliyepita, ingesomeka kama taarifa.

Ingesomeka kama taarifa kwa wengi, nisahihishe hapo. Si kwa waliotajwa. Hapa sikutetei. Kumwanika mtu mzima kwenye grupu, jina na kilo zake, watoto wake wakiwa humo humo, ni kumvunjia heshima, awe ameanikwa na mwanamume au na mwanamke. Kwa hilo walalamike, wana haki. Kesho ifute orodha kama bado inafutika, na waliotajwa uwapigie simu mmoja mmoja. Nalisema mapema kwa sababu ukishaonewa kwa jinsia yako mara tatu, ya nne unaweza kudhani nayo ni jinsia hata pale ilipokuwa ni adabu tu. Yatenganishe, maana watakaokupinga watayachanganya makusudi.

Sasa swali lako kubwa. Mwaka 1975 mtaalamu wa isimu wa Marekani, Robin Lakoff, alieleza kitu ambacho wewe umekipitia kati ya mkutano mmoja na mwingine. Alisema msichana hufundishwa kuongea kwa tahadhari: asitoe hoja kavu, aiwekee "nadhani" na "sijui", amalizie kwa swali la kuomba kuungwa mkono. Akishakua, akiongea hivyo alivyofundishwa anaonekana hana uwezo wa mambo mazito. Akiacha na kuongea wazi, anaonekana si mwanamke wa heshima. Njia zote mbili zina faini. Lakoff alikuwa anaangalia wanawake wa tabaka lake kule Marekani, tena zaidi kwa kusikiliza na kutafakari kuliko kupima, na wenzake walimkosoa kwa hilo. Lakini mtego alioueleza ni huo huo ulionaswa nao.

Kilichofuata ndicho kitakachokusaidia. William O'Barr na Bowman Atkins walikwenda kusikiliza mashahidi mahakamani huko North Carolina, na mwaka 1980 wakachapisha walichokipata. Hiyo iliyoitwa lugha ya wanawake hawakuikuta kwa wanawake wote, na waliikuta kwa wanaume pia. Mwanamke aliyekuja kutoa ushahidi wa kitaalamu, kwa mfano daktari, alizungumza moja kwa moja. Mwanamume wa hali ya chini, aliyezoea kuulizwa na si kuuliza, alijaza "labda" na "kama sikosei". Wakasema tusiiite lugha ya wanawake, ni lugha ya mtu asiye na mamlaka. Wanawake wanaonekana nayo zaidi kwa sababu ndio wanaowekwa mara nyingi pasipo na mamlaka.

Kwa hiyo mwanangu, zile "samahani, kama itawezekana, sijui" hazikutoka kwenye maumbile yako. Ulizivaa siku ile kwa sababu walikuwa wamekwambia vua mamlaka. Na mwanamume yeyote wa kikundi chako, umpeleke leo ofisi ya mkuu wa wilaya bila kumwandaa, utazisikia hizo hizo zikimtoka.

Lakini tusiazime kila kitu. Kuna wanaosoma vitabu vya nje halafu wanakuja kuwafundisha wanawake wa huku waache kusema "naomba" kwa kuwa ni unyonge. Upuuzi. Kwa Kiswahili chetu mwanamume mwenye mashamba na magari akiingia mgahawani anasema "naomba chai", na asipoomba anaonekana hakulelewa. "Naomba" ni ya wote na ina nguvu zake. Usiiache. Kinachokumaliza ni mkia wa sentensi, pale ulipokuwa umeshatoa agizo ukalirudisha mwenyewe kwa "sijui wenzangu mnaonaje". Sema: "Naomba kikundi kipitishe kwamba mzigo wenye matunda machanga haupokelewi." Kisha nyamaza. Ule unyamavu baada ya sentensi ndio mgumu kuliko maneno yenyewe. Mwanamke aliyezoea kuziba kimya cha wengine huwa anautafuna haraka. Uache ukae, watu watainua mikono.

Kama unataka kuona kwamba tatizo si aina ya lugha, hebu nikupeleke Madagaska. Elinor Keenan aliishi kijiji kimoja cha Wamalagasi na mwaka 1974 akaandika mambo ya kushangaza. Kule wanaume ndio waongeao kwa kuzunguka: mafumbo, misemo, hotuba ndefu zinazokwepa kumgusa mtu. Wanawake ndio wasemao kavu. Wanawake hupelekwa sokoni kubishana bei, na ikitokea ugomvi wa kumkemea mtu, mwanamume humsukumia mkewe akaseme. Ungetegemea basi kule wanawake wasifiwe kuwa na msimamo? Hapana. Kule inasemekana mwanamke hajui kuongea kwa sababu anasema wazi mno, na busara ni kuzunguka kama wafanyavyo wanaume. Huku kwetu mwanamke akizunguka hana uhakika, kule akinyoosha hana busara. Umeona? Mtindo wowote ukishakabidhiwa wanawake, unashuka bei.

Ndiyo maana huyo mwalimu wa sauti nzito simkubali. Ni kweli Margaret Thatcher wa Uingereza alifundishwa kushusha sauti yake ili wamsikilize, na aliishusha. Ila alikuwa na walimu na miaka ya kufanya mazoezi. Wewe una mwezi mmoja, na watu 84 wanaoijua sauti yako tangu ulipoletwa kijijini. Ukisimama siku hiyo na sauti ya kuazima watacheka mpaka ajenda ya tatu. Isitoshe, ukiishusha watasema umekuwa dume.

Nirudi kwenu Rungwe, kwa sababu hapo ndipo penye utamu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyekaa kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi wavulana walivyokuwa wakitoka kwa baba zao wakiwa na miaka 10 au 11 na kujenga vibanda pamoja, rika moja, na kibanda juu ya kibanda kikazaliwa kijiji chao. Chakula walifuata kwa mama zao, tena kwa makundi, leo kwa huyu kesho kwa yule. Lakini maisha yao yalikuwa mazungumzo. Kuna ukwangala, ambao bibi mkwe wako anaufahamu kuliko mimi: kukaa na wenzako, kula, kunywa, kuongea. Wazee waliamini akili na ufasaha wa mtu vinatokana na huko, na mwanamume aliyekaa kimya katikati ya wenzake alionekana ana jambo baya moyoni. Sasa jiulize binti wa umri ule alikuwa wapi. Alikuwa anaposwa. Aliolewa mapema, akahamia kwenye kijiji cha rika la mumewe ambako hakuwa na rika lake, na somo lake la kwanza la lugha likawa kama lile ulilopewa wewe: maneno ya kutotamka.

Vijiji vya rika vimekwisha. Ila vijiwe havijaisha, wala kilabu, wala benchi la fundi pikipiki. Wanaume wa kikundi chako hawakuzaliwa na kipaji cha mkutano. Wamekuwa wakifanya mazoezi ya kubishana, kukatizana na kuchekana tangu wakiwa wachunga ng'ombe, na hakuna aliyewahi kuyaita mazoezi. (Wakikaa kilabuni saa nne nzima wakimjadili mke wa mtu anavyoongoza mkutano, hizo ni stori. Wanawake wawili wakisimama dakika tano kisimani, huo ni umbea.) Wewe umeingia uwanjani siku ya mechi. Lawama zao kwamba hujui kuongea zitue huko.

Kuhusu mkamwana, usidhani mila hiyo ni kamba tu. Mwanamke aliyeweza kuishi miaka kwenye ukoo bila kutaja jina la baba mkwe wala neno linalolikaribia, na bado akaomba moto, akagombana na wifi, akauza ndizi, akaeleweka kwa kila mtu, huyo anajua lugha kuliko wengi wenye digrii. Alikuwa anatafuta njia nyingine ya kusema jambo lile lile bila kupunguza jambo lenyewe. Ndicho unachohitaji sasa. Heshima iwe kwenye namna ya kuingia, ukali uwe kwenye kanuni. Kabla ya mkutano, wale wazee wa rika la baba mkwe uwafuate nyumbani, au kama mila hairuhusu uende mwenyewe, mtume anayefaa, shemeji au mama mkubwa. Peleka habari: mwaka huu kuna kanuni hii tunaileta, na sababu yake ni gari lililorudishwa. Mzee akiisikia mara ya kwanza mbele ya watu, ataipinga hata kama anaikubali, kwa kuwa imemkuta amekaa na mkamwana wake amesimama. Akiisikia kwake, ataidai kuwa yake. Mwache aidai.

Siku yenyewe fungua kwa Kinyakyusa. Salimia kama mkamwana anavyosalimia, usiruke hata hatua moja, hata kama wasomi wa kikundi wanaangalia saa. Ukimaliza, ingia Kiswahili na ajenda, na usirudi nyuma mpaka mwisho. Umeandika mwenyewe kwamba kila lugha inakupa kiti chake. Vitumie vyote viwili, kila kimoja kwa wakati wake. Anayesema unajifanya msomi atakuwa ameshasalimiwa.

Sasa katibu. Usimfanye adui, huenda kweli anadhani anakusaidia. Mwite pembeni, umwambie: "Mwanangu, nisipoeleweka niulize mbele ya watu, usinitafsirie." Halafu funga mlango kwa utaratibu. Fikiria Bunge. Anne Makinda alipochaguliwa Spika mwaka 2010, mwanamke wa kwanza nchini, alikuwa mbunge wa Njombe Kusini, wakati ule Njombe ikiwa bado mkoa wetu wa Iringa, na hatuchoki kusema. Dkt. Tulia Ackson alipochaguliwa Februari 2022 alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini, jirani zenu. Nyanda za juu kusini tumeshazoea kusikia mwanamke akiwaambia wanaume wakae. Na mle ndani mbunge, hata awe na sauti ya radi, anaanza na "Mheshimiwa Spika", na maneno yake yanaelekezwa kwenye kiti. Kile kiti kinafanya kazi ambayo koo la mtu mmoja haliwezi. Nanyi pitisheni mwanzoni kabisa mwa mkutano: kila msemaji anapitia kwa mwenyekiti, anaruhusiwa, ndipo anasema. Katibu akisimama bila ruhusa utakuwa na kanuni ya kumkalisha, hutahitaji kufoka. Na ndani ya mkutano wakuite Mwenyekiti. Nje wakuite mama, ni jina zuri, tunawaita hivyo hata marais, lakini mama huombwa msamaha na kusamehe, na matunda machanga hayahitaji msamaha.

Kanuni yenyewe usiitangaze wewe. Ilete kama pendekezo la kamati, ijadiliwe, ipigiwe kura, iandikwe kwenye muhtasari na kwenye katiba ya kikundi. Chagueni watu watatu wa kukagua mzigo kabla haujapakiwa, wasiwe ndugu zako. Siku mzigo wa mzee ukirudishwa, hataweza kusema mama amenifokea, atakuwa amerudishwa na kura aliyoipiga.

Kuna utafiti mmoja nataka uusikilize vizuri kwa sababu unawagusa watu ambao barua yako imewataja mara moja tu. Linda Carli wa Marekani, mwaka 1990, aliwasikilizisha watu hoja, zikitolewa na wanaume au wanawake, kwa lugha ya tahadhari au ya uhakika. Mwanamke aliyeongea kwa tahadhari aliwashawishi wanaume zaidi, ingawa walimwona hana ujuzi sana. Wanawake wenzake hakuwashawishi. Wao walivutwa na yule aliyesema kwa uhakika. Mwanamume aliwashawishi sawasawa vyovyote alivyosema. Kule ni kule, lakini hesabu inaeleweka hata ghalani kwenu. Umeniandikia juu ya wazee, katibu, mumeo, mwalimu. Wale 31 je? Siku ile uliposema "sijui wenzangu mnaonaje", nina hakika kuna wanawake nyuma walioinamisha vichwa. Walikunyooshea mikono, na wengi wao ndio wanaochuma, ndio wanaojua tunda limekomaa kwa kulitazama. Zungumza nao wiki hii, jioni, bila sherehe. Wawili watatu wajiandae kuchangia hoja ya matunda, wakae mbele na si kwenye benchi la ukutani, na uwape nafasi mapema kabla ya wale wasemaji wa kudumu. Mchangiaji wa kwanza akiwa mwanamke, wa pili huwa hachelewi.

Kwa mumeo nina mambo machache. Hili la wanawake kuongea sana limepimwa. Mwaka 2007 Matthias Mehl na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 396 wa vyuo vya Marekani na Meksiko waliotembea na vifaa vya kurekodi. Wanawake walifikia wastani wa maneno 16,215 kwa siku, wanaume 15,669. Tofauti hiyo kitaalamu si tofauti, na kati ya waliopita wote kwa maneno, wanaume walikuwemo. Mwambie kwa upole, wakati anakula. Ripoti usimpe katibu. Mwenyekiti akikaa meza kuu kama ua, ripoti ikasomwa na mwingine, mwakani hakuna atakayekumbuka nani aliongoza. Mumeo najua anatafuta amani, na utani wa kilabuni unauma kuliko wanaume wanavyokiri. Mpe jibu la kwenda nalo. Wakimuuliza mkutano nyumbani unaongozwa na nani, ajibu, "Na yule mliyemchagua wenyewe." Akilisema mara mbili akicheka, watatafuta mtu mwingine wa kumtania.

Sitakudanganya kwamba watakusifu. Wapo watakaosema unafoka hata ukinong'ona, na yule mzee wa WhatsApp pengine atakufa akiamini hivyo. Kipimo chako kiwe mzigo: msimu ujao gari likienda lisirudi.

Kuhusu binti, usimwache hivyo hivyo. Kutunza muda ni kazi ya heshima, lakini haimfundishi kusimama na kukatizwa na kuendelea, na umri wake ni ule ule ambao wavulana wa Rungwe walikuwa wanapata shule hiyo bure. Asilalamike kwamba amebaguliwa, walimu hujihami wakisikia hivyo. Amwombe mwalimu nafasi ya msemaji wa pili kwenye mdahalo unaofuata, na wakimuuliza kwa nini wa pili, aseme ni kwa sababu msemaji wa pili ndiye anayejibu hoja za upande mwingine, na yeye amekuwa akizisikiliza zote akiwa na saa mkononi. Nyumbani mpe mada, mumeo awe upande wa kupinga.

Shangazi, Iringa